Kura ya Mwanakombo

Zama hizo wafu walikuwa hawanyamazi. Kila aliyezikwa mtaani alibaki na sauti yake ndani ya kisanduku nyumbani kwake, na kura yake pia, mradi kaburi lake lipo.

Kisanduku cha Mwanakombo, marehemu mke wa Hemedi, kilikaa jikoni juu ya kabati la vyombo. Hemedi alikuwa ameshamwoa Siwema, lakini kila akionja mchuzi wa Siwema aliinua uso kabatini. "Mwanakombo, wewe ungetia ukwaju?"

Siwema aliona wivu. Angegombana vipi na mke mwenza asiye na nywele za kuvutwa?

Kisha ikaja habari ya kiwanda cha kusafishia mafuta. Kingejengwa pale pale makaburini, ukuta kwa ukuta na nyumba zao. Mtaa mzima ulipinga. Siwema naye, mwanawe mgongoni, alibeba bango na kupaza sauti mpaka ikamkauka. Lakini siku ya kura, nyuma ya pazia, alibonyeza "Kijengwe".

Kiwanda kilishinda. Hemedi alilia kama mtoto, akatoka. Jikoni wakabaki wanawake wawili.

"Mwenzangu," kisanduku kikasema, "hata mimi nilikikubali. Nimechoka kuulizwa ukwaju."

Siwema akainua uso kabatini.

"Wakinifukua nitapumzika. Moshi nakuachia wewe na mwanao."

Siwema akaenda kufunga dirisha, ingawa hata msingi ulikuwa haujachimbwa.