Mdaiwa wa Mazoezi

Zabron aligonga meza kwa kijiko.

"Mahakama itulie," alisema. "Leo pia mdaiwa ni mimi."

Mkewe Edina alisimama mbele yake, mikono nyuma. Tabita, jirani yao, alikuwa mkekani anachambua maharage. Mzee Yonasi, mjumbe wa nyumba kumi, alikalia kiti chenye mgongo na kikombe cha chai mkononi. Yeye ndiye aliyekuwa hakimu.

Edina alikuwa anajiandaa na mtihani wa watu wazima wa kuingia chuo kikuu, ule wa wasiofika kidato cha sita. Alitaka kusomea sheria. Habari hiyo aliitoa ghafla. Kabla ya hapo alikuwa amelia wiki nzima, kwa sababu Zabron alimwambia anauza nyumba yao hapo Tunduma anunue lori la Fuso. Kisha akanyamaza, akapanda basi kwenda Mbeya, akarudi na kitabu cha sheria ya ndoa.

Zabron alifurahi. Mwanamke anayesoma hapigi kelele. Tena yeye alikuwa akivusha mchele wa Kamsamba kwenda Nakonde, na mtu wa mchele mpakani hakosi kuhitaji wakili. Mtihani ulikuwa bado, lakini wateja wake wa Zambia walishaanza kumsalimia kwa Kibemba, "Mulishani, ba loya!", yaani habari, bwana wakili. Aliitikia bila kuwasahihisha.

Masomo yalipanda na kushuka. Kuna siku Edina alijibu kila kitu, akachinja kuku katikati ya wiki bila mgeni. Kuna siku alikiinamia kile kitabu akalia mpaka ukurasa ukalowa.

"Siwezi, Baba Felix. Nitasimama pale nitasahau yote."

"Utasimama? Si mtakuwa mmekaa?"

"Nitasahau hata nikiwa nimekaa."

"Husahau wewe. Madeni ya watu wote wa mtaa huu unayo kichwani."

Alimaanisha. Jioni za masomo alichota maji yeye mwenyewe. Bombani wanaume walimuuliza, "Zabron, siku hizi umeolewa?"

"Nimeoa wakili," aliwajibu, akabeba ndoo zake.

Tatizo lilikuwa mifano. Mwanzoni Edina alitunga mume na mke wa Itaka wenye shamba la kahawa. Zabron akachanganyikiwa. Shamba halijui, watu hawajui, anaulizwa miche aliyopanda mtu mwingine.

"Achana na hao," alisema. "Tumia nyumba yetu. Hiyo naijua."

Edina alimtazama kidogo. "Una uhakika?"

"Tumia tu. Unataka kufaulu au hutaki?"

Tangu siku hiyo mazoezi yalikwenda vizuri. Edina alipendekeza majirani wawepo, azoee kusemea mbele za watu. Tabita alikuja na maharage yake. Mzee Yonasi alikuja kwa sababu ya chai.

"Mdaiwa," Edina alianza, "matofali ya nyumba hii alifyatua nani?"

"Wewe."

"Sema kwa sauti, hakimu asikie."

"Mke wangu! Mimi nilikuwa Kamsamba."

"Na bati?"

"Bati ni maandazi yake. Aliuza maandazi stendi mpaka paa likaisha. Mimi nililipa fundi." Akafikiri. "Nusu."

"Nusu nyingine?"

"Maandazi hayo hayo."

Tabita alicheka mpaka maharage yakamwagika.

"Mdaiwa, ulipotaka kuiuza, ulimuuliza mkeo?"

"Nimuulize nini? Nyumba ina jina langu."

Mzee Yonasi aliweka kikombe chini. "Jibu swali, kijana. Ndiyo au hapana?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Shemeji, unaigiza vizuri," alisema Tabita.

"Siigizi," alisema Zabron. "Nasema kweli tupu. Akizoea kweli, mtihani hautamsumbua."

Kitu kimoja tu kilimtia wasiwasi. Kulikuwa na kitabu cha pili, cha maswali ya jumla, ambacho Edina alikuja nacho kutoka Mbeya. Watahiniwa wote walitakiwa kukisoma. Kilikuwa chini ya mguu wa kabati, kabati lisiyumbe.

"Na kile?" aliuliza.

"Kile hakinipi shida," alisema Edina.

Siku ilipofika, Edina hakugusa chai. Waliteremka Vwawa asubuhi, Zabron amebeba begi. Njiani mkewe alimweleza kwamba mtihani wa sheria unafanyikia mahakamani. Zabron aliona ni sawa kabisa. Hata wauguzi hufundishiwa hospitali.

Kwenye korido, juu ya benchi, alimkuta Tabita kavaa nguo za kanisani. Pembeni yake alikaa mzee Yonasi na koti lake la misiba na sherehe. Majirani wamepanda basi kutoka Tunduma ili wamwombee mke wake tu.

"Mungu awabariki," aliwaambia. Walijibu amina, wakatazama sakafu.

Alimnunulia Edina soda, akamfungulia.

"Ukiingia mle usiogope," alimnong'oneza. "Fikiria uko nyumbani. Uliza vile vile unavyoniuliza mimi."

"Ndivyo nitakavyofanya."

Mlango ukafunguliwa. Karani akatoka, akaita jina la Edina. Edina akasimama, Tabita akasimama, mzee Yonasi naye akasimama akifunga vifungo vya koti.

Karani aliwatazama wote.

"Na mdaiwa yuko wapi? Si ulisema utamleta mwenyewe?"

"Ni huyu," alisema Edina. "Aliyeshika begi langu."