Bahari ya Miasenyi

Sanduku refu la kioo lilikuwa limeshapandishwa kwenye lori, feni yake imefungwa kwa kamba za katani, na Mwandawiro bado hajapewa barua na Daktari Ndambuki. Bila barua ya sifa, Jumatatu angerudi shamba la mkonge.

"Msomi mzima!" Mwandawiro alimnong'onezea Jaffar, dereva. "Miaka mitatu hapa Voi anarusha matone ya maji ya bahari ndani ya kioo, aone upepo ukivurugika unayapeleka wapi. Mamangu angemwambia bure: unayapeleka unakotaka."

"Na bahari iko Mombasa, yeye kaja kuitafuta porini."

"Ati hewa ya pwani ina chumvi tayari, itamharibia hesabu."

Wakacheka kwa kubana meno. Kila mwezi Daktari Ndambuki aliwatuma Mombasa wakachote pipa la maji ya bahari. Kila mwezi lori liliishia njiani, Miasenyi, kwa shemeji yake Mwandawiro. Pipa likajazwa bombani, ikamwagwa chumvi ya duka mikebe sita, kila mkebe ukisawazishwa juu kwa rula. Mwandawiro alikuwa amepimia vibarua posho kwenye stoo ya mkonge; mkono wake haukujua kupima vingine. Halafu ni kunywa mbangara, pombe ya kienyeji, mpaka kesho yake.

"Bwana Mwandawiro, bahari yako leo imejaa ama imekupwa?" Jaffar alimchokoza.

"Nyamaza wee, huyo anakuja."

Daktari alitoka na bahasha iliyofungwa kwa gundi.

"Mzee, yale maji ya mwisho ulichota wapi?"

"Likoni, Daktari. Palepale pa siku zote."

"Siku zote?"

"Hata siku moja sijabadilisha."

"Hilo najua," alisema Daktari, akamkabidhi bahasha na kupanda lori.

Mwandawiro alingoja vumbi litulie, akatema mate. Kichwa kimejaa vitabu, akili hakuna.

Ndambuki alipata uprofesa mwaka 1977. Jaffar alihamia malori ya Uganda, akaoa Jinja, hakurudi. Mwandawiro aliajiriwa na hospitali moja ya misheni, akachanganya maji ya chumvi ya dripu hadi alipostaafu. Barua iliyomwingiza kazini ilisema: "Maji ya mtu huyu hayajawahi kuona bahari, nilijua tangu wiki ya kwanza. Lakini nimepima kila pipa kwa miaka mitatu, na hakuna lililozidi jingine hata punje. Bahari yenyewe isingeweza, ndiyo maana nikamwacha anidanganye."