Keria ya Nyuma

"Nimekuuliza, mumeo yuko wapi?" mjumbe wa mtaa alirudia kwa mara ya tatu.

Nyamizi alikuwa ameendesha baiskeli peke yake tangu alfajiri. Kama mgeni yeyote, alikuwa amepiga hodi kwanza kwa mjumbe.

"Nimeomba mahali pa kulala, sikuomba kuozwa."

"Mwanamke gani anazurura nchi nzima na baiskeli? Hapa kwangu hulali!"

"Basi silali kwako!"

Akavuka barabara, akaiegemeza baiskeli kwenye mkorosho. Alifunga pembe moja ya turubai kwenye usukani na nyingine kwenye shina, akikaza mafundo kwa hasira mpaka ukucha ukakatika. Mjumbe alimfokea weee, kisha akaingia ndani na kuubamiza mlango.

Baadaye mlango ukafunguliwa taratibu. Mke wa mjumbe akavuka barabara na sahani ya ugali na dagaa.

"Karibu chakula, mwenzangu."

Nyamizi alipokea. Yule mama hakuondoka. Alikuwa akiibonyeza keria ya nyuma kwa viganja viwili, kama mtu anayejaribu kitanda dukani.

"Hii," alinong'ona, "inaweza kubeba mtu mzima?"