Wadudu wa Kizimba cha Tatu

Katika kizimba cha tatu wote walikuwa wamekufa tena, na mtafiti alifurahi kuwaona hivyo. Aliwaokota mmoja mmoja kwa kibanio, akawapanga kwenye sahani nyeupe: arobaini, wote chali, miguu juu. Aliandika idadi yao daftarini, kisha akaikagua miche ya maharage. Majani yalikuwa mabichi, hayana hata tundu moja.

"Wamekufa?" aliuliza mtunza bustani wa kituo, amesimama mlangoni na ndoo yake ya maji.

"Wote, mzee wangu."

"Na maharage?"

"Mazima kabisa."

"Afadhali," alisema mzee, akaingia kumwagilia.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yao kwa miezi kumi na minane. Gugumaji lilikuwa limefunika bwawa zima la mji, na mizizi yake ilikaba pampu kila wiki. Mabomba ya majumbani yalitoa maji ya kijani yenye uvundo. Wadudu hao wadogo weusi waliletwa kutoka huko huko lilikotoka gugu, kwa kuwa ndio waliokuwa wakilila. Lakini sheria ilidai kwanza wafungiwe na mazao ya wakulima, zao moja kila kizimba. Wakila, hawatoki kituoni. Wakifa njaa, ni salama.

Kwenye kizimba cha gugu lililochotwa bwawani walinenepa na kuzaana. Kwenye maharage, viazi na mboga walikufa ndani ya siku tatu, kila mara, tangu mtafiti aliporudi safarini wiki ya pili ya jaribio. Mazao yote yalitoka kwenye kitalu cha mzee, ambaye aliyaotesha kwenye makopo na kuyapenda kupita kiasi. Tangu amjue, mtafiti hakuwahi kuona mche wake umeliwa. Yeye alishughulika na miche, habari za wadudu akamwachia mtafiti.

Saa nne asubuhi hiyo ulikuwa mkutano wa mwisho. Ukumbi ulifurika, na mtu wa kwanza kusimama alikuwa kaka yake mtafiti. Shamba la maharage waliloachiwa na baba yao lilipakana na bwawa, na watoto wanne wa kaka walikula na kusoma kwa shamba hilo hilo.

"Mdogo wangu," alisema, maana hakuzoea kumwita daktari, "hilo gugu lenyewe tuliletewa na watu waliotuambia ni pambo tu, lina maua mazuri. Leo unatuletea mdudu. Huyu naye akitushinda, utaleta nini cha kumla yeye?"

Watu waliangua kicheko. Mhandisi wa maji hakucheka.

"Pampu zimebaki mbili," alisema. "Wodi ya wazazi inapelekewa maji kwa ndoo. Tumeling'oa gugu kwa mikono, malori mia moja, likarudi kabla hatujanawa. Mnataka tunyunyize sumu kwenye maji tunayokunywa? Kama kuna mwenye njia nyingine, aseme sasa."

Mtafiti alisimama, akamgeukia kaka yake, kwa sababu katika ukumbi mzima alimwogopa mtu huyo mmoja tu.

"Kaka, nimewawekea maharage mara sitini na mbili. Mara zote sitini na mbili wamekufa bila kugusa jani. Ningekuwa na shaka hata chembe, ningewasogeza karibu na shamba la baba?"

Kaka yake alimtazama, akashusha pumzi.

"Wewe nakuamini," alisema. "Huyo mdudu ndiye simwamini."

Akanyoosha mkono kukubali, na wakulima wengine wakanyoosha baada yake. Mtafiti aliinamisha uso ili wasione machozi yakimlengalenga.

Saa nane mchana waliyafungua makasha kwenye ukingo wa bwawa. Wadudu elfu kumi na mbili. Kaka mwenyewe alisaidia kubeba, akimtania dada yake kwamba amemfanya mchukuzi wa kunguni. Wengi walizama palepale kwenye gugu. Baadhi walipanda juu, wakachukuliwa na upepo uliokuwa ukivuma kuelekea mashambani, na kaka alisimama akiwafuata kwa macho mpaka wakapotea.

"Waache," mtafiti alimwambia, akimshika bega. "Watarudi wenyewe. Huko hawana cha kula."

Jua lilikuwa linashuka aliporudi kituoni, amechoka lakini moyo mweupe. Mzee alikuwa akimsubiri barazani, begi begani, ufunguo wa kitalu mkononi.

"Mwanangu, kesho naanza likizo. Atakayeshika zamu yangu mwambie mawili tu. Maji ni asubuhi, jioni asimwagilie. Na kila kopo, kabla hajapanda, atie kijiko kimoja cha ile dawa ya punje chini ya mzizi."

"Dawa ya nini, mzee?"

"Ya wadudu, inapanda na maji mpaka kwenye majani. Kwenye vyakula tu, lakini. Gugu nani analijali?" Alimkabidhi ufunguo, akaweka begi sawa begani. "Na asije akasahau. Wiki ile ya kwanza, ulipokuwa safarini, dawa iliniishia, na hao wadudu wako walimaliza maharage yote usiku mmoja, wakaniachia vijiti."