Kikapu cha Simu

Kikapu kilipomfikia, fundi bomba hakukipitisha. Alikikumbatia kifuani. Simu za wanaume wenzake zilikuwa bado na joto la mifukoni.

Mbele ya ukumbi, mkufunzi alikuwa akiwaeleza wake za watu wanachopaswa kujua kuhusu kambi ya wanaume ya kujijenga.

"Siku nne mumeo hapatikani, mama. Usihangaike. Atarudi mtu mpya."

"Mimi mwaka jana nilirudi mpya kweli," fundi bomba akadakia. "Niliondoka na mke, nikarudi mgane."

Mkufunzi akamnyooshea mkono.

"Mzee wangu, pole tulishakupa. Pitisha kikapu, basi linasubiri."

"Pole mlinipa siku ya nne. Marehemu alinipigia siku ya pili, mara kumi na moja, simu umeifungia kabatini na ufunguo unao shingoni. Sisi tumefumba macho kama kuku wagonjwa, eti unatufundisha kusikiliza!"

"Utaratibu umetoka juu, mzee."

"Huko juu kazika nani?"

Akamgeukia mke wa kinyozi, ambaye mimba yake ilikuwa imeingia mwezi wa tisa. "Shemeji, ya mumeo ni ipi humu?"

"Fundi, usinidhalilishe mbele za watu," kinyozi alisema, akicheka cheko la aibu.

Mkewe hakumtazama. Aliinuka huku amejishika kiuno, akatumbukiza mkono kikapuni. Nyuma yake, viti vya wanawake vikaanza kukwaruza sakafu.