Kipimo cha Kifua

Moyo ulianza tena kunienda mbio nikiwa nimemzungushia mteja futi ya kupimia nguo mgongoni, mikono yangu yote miwili imemkumbatia.

Miezi saba sasa tangu nianguke ngazini, ubongo ukatikisika. Hakuna aliyenigusa ila daktari, naye kwa chuma cha baridi. "Moyo wako ni mzima," husema. "Hatuoni kitu." Dada yangu kwenye simu: "Pole, utazoea." Nizoee nini? Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

"Fundi, moyo wako unagonga," mteja alisema taratibu. Alikuwa mama mtu mzima, mgeni kwangu, ananukia sabuni ya kufulia.

"Ndivyo ulivyo."

Hakujitoa. Nikabaki hivyohivyo, shavu karibu na bega lake, mpaka moyo ukatulia. Kisha nikaenda mezani, nikaandika kwenye daftari: kifua, arobaini na mbili.

Moyo ukaanza upya.

"Samahani, mama. Tangu nianguke nasahau sana. Tupime kifua tena."

Akalitazama daftari, liko wazi mbele yake.

"Arobaini na mbili," alisema. Kisha akainua mikono yote miwili, akasubiri.