Chini ya Mkia wa Nyegere

Mkono wa Laetitia ulisimama ghafla, kisu kikiwa chini ya mkia wa nyegere.

Palikuwa na vifuko viwili vya uvundo, kimoja kila upande. Alivijua. Kabla hajaolewa huku Walikale, baba yake alikuwa akitega fisi maji, wale wanyama wala samaki, mtoni, na yeye ndiye aliyetoa vifuko kama hivi ili nyama isinuke.

Akashika mguu: vidole vitano, kama vya fisi maji. Akapapasa kichwa: masikio madogo, yamezama manyoyani. Undugu haufichiki.

Na watu wa ukoo wa mumewe hawali fisi maji. Humwita ndugu yao.

Nyama ilikuwa haijaingia nyumba hii tangu mvua zianze. Mumewe, aliyemtega nyegere, alikuwa ameshaoga, anangoja sahani. Nani angejua?

Laetitia akakifuta kisu kwenye majani, akambeba nyegere hadi kwa baba mkwe, aliyekuwa ameketi mlangoni.

"Papa, angalia hapa chini ya mukia. Huyu na fisi maji njo tumbo moja."

Mzee akaupapasa mguu wa nyegere, kidole kwa kidole. Kisha akavua kofia, taratibu, kama mtu anayefika kwenye matanga.